Mtoto ameungua, naogopa hospitali: je, watanichukulia watoto?

*"Nilizaliwa Uvira, Kongo, nikakulia kambini Nyarugusu, Tanzania, na sasa nina miaka mitatu hapa Marekani na watoto wangu wanne. Baba yao hatuko naye. Nafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama: natoka saa tatu usiku, narudi saa moja na nusu asubuhi. Binti yangu mkubwa ana miaka 11, yeye ndiye anabaki na wadogo zake. Jumamosi alfajiri alikuwa anachemsha chai, mdogo wake wa miaka 4 akavuta sufuria, chai ikamwagikia mkono na kifua. Nilimpaka dawa ya meno, halafu asali. Leo ni siku ya tatu. Malengelenge yamepasuka na usiku mwili unamchemka. Majirani wananiambia nisithubutu kwenda hospitali, kwa kuwa daktari atapiga simu kwa watu wa CPS, idara ya kulinda watoto, na watoto wote watachukuliwa. Kuna familia ya hapa ilinyang'anywa watoto baada ya mwalimu kuona alama za mkanda. Binti nimemwambia akiulizwa shuleni aseme nilikuwa nyumbani. Nifanye nini?"*

Dada yangu, kama unasoma haya na mtoto bado yuko nyumbani, acha kusoma umpeleke. Mengine utayasoma ukiwa umekaa naye hospitalini. Kidonda cha moto kilichopasuka, na homa siku ya tatu, kwa mtoto wa miaka 4, ni dalili kwamba vijidudu vimeingia kwenye kidonda, na hapo saa zina maana. Usijaribu kubandua ngozi wala kusugua asali iliyoganda. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, mpe maji anywe, ondokeni. Siku nyingine, Mungu aepushe, moto ukimgusa mtoto mweke mara moja chini ya bomba la maji ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si mafuta. Dawa ya meno inaziba joto ndani na inampa daktari kazi ya kuisafisha kabla hajauona mkono wenyewe.

Sasa hofu yako. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka mingi, kwanza nyumbani Tanzania na sasa kati ya familia za wakimbizi huku, na barua ya namna hii naipata tena na tena. Mara inakuwa ya meno ya mtoto, mara ya mkono uliovunjika kwenye bembea, mara ya mama aliyejifungua anayelia kila siku lakini anaogopa kumwambia nesi. Kinachoniumiza ni kwamba walio wengi walioniandikia hawakuwa wamefanya kosa lililowaogopesha. Kilichowaponza ni kujificha.

Utaniuliza: daktari atapiga simu kweli? Sitakudanganya. Huenda akapiga. Kwa hiyo ni bora uelewe kwa nini.

Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Denver, C. Henry Kempe, pamoja na wenzake, waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu watoto waliokuwa wakiletwa hospitalini na mifupa iliyovunjika zaidi ya mara moja, huku madaktari wakikubali kila maelezo ya wazazi. Nchi ilishtuka. Kufikia mwaka 1967 kila jimbo lilikuwa na sheria inayowalazimisha watu wa kazi fulani kutoa taarifa, na mwaka 1974 serikali kuu ikaweka sheria yake juu ya hizo. Daktari, nesi, mwalimu, mshauri wa shule, mlezi wa kituo cha watoto, wote wamo. Majimbo mengine yanamlazimisha kila mtu mzima, hata jirani yako. Mwenye wajibu huo akinyamaza anaweza kushtakiwa na kupoteza leseni. Akipiga simu kwa nia njema, sheria inamlinda hata kama ilikuwa si kweli.

Angalia hapo neno lenye uzito. Sheria haimtaki daktari awe na uhakika. Inamtaka apige simu akiwa na sababu ya msingi ya kutilia shaka. Si kazi yake kufanya upelelezi kwanza, wala kukusamehe kwa sababu ameona una sura ya upole. Kwa hiyo anayepiga simu hajakuhukumu, na mara nyingi ni yuleyule atakayeandika kwamba maelezo yako yanalingana na kidonda. Wala jambo hili si uvumbuzi wa Wazungu wasiojua malezi yetu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa haki za mtoto zinapovunjwa, na Kongo ilitunga sheria yake ya kulinda watoto mwaka huohuo. Tofauti ni kwamba huku simu inapokelewa, na mtu anakuja.

Daktari ataangalia nini kwa mwanao? Ataangalia umbo la jeraha. Chai iliyomwagika kutoka juu inaacha alama isiyo na mpangilio: pana pale ilipoangukia kwanza, kisha inapungua kadiri maji yalivyotiririka na kupoa, na huwa kuna matone pembeni. Mkono uliozamishwa kwenye maji ya moto kwa makusudi huwa na mpaka ulionyooka, kama glavu. Madaktari wa watoto wanazifahamu alama hizo. Kisha atauliza ilikuwaje, na kulinganisha hadithi na kidonda, na umri wa mtoto na kitendo: je, mtoto wa miaka 4 anaweza kuvuta sufuria? Anaweza, tena sana.

Kisha atauliza ilitokea lini. Hapa ndipo palipo na tatizo lako halisi, na majirani hawakukuambia. Kuchelewa kumleta mtoto aliyeumia ni mojawapo ya mambo yanayomfanya daktari atilie shaka. Ukimpeleka leo una siku tatu za kueleza, na maelezo yapo: uliogopa, uliambiwa watoto watachukuliwa. Sema hivyohivyo. Wanaofanya kazi na wakimbizi wamelisikia, na ni la kweli. Ukimpeleka wiki ijayo akiwa hajitambui, hakuna atakayesikiliza habari za hofu.

Ukifika omba mkalimani kabla hujaeleza chochote. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu, na karibu zote zinapokea, inapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Ni jambo linalotokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Sema wazi kwamba unataka Kiswahili cha Kongo. Nimeona mama Mkongo wa Fizi akiunganishwa kwa simu na mkalimani wa Mombasa, kila mmoja akidhani mwenzake amejibu alichoulizwa, na karatasi ikaandikwa kwamba mama "anabadilisha maelezo". Na usikubali binti yako atafsiri. Yeye alikuwepo. Kumtaka aeleze kwa Kiingereza jinsi mdogo wake alivyoungua mbele yake ni kumtwika mzigo usio wake.

Tuje kwenye neno "watachukua wote". Simu ikipigwa inapokelewa kwenye ofisi ya kuchuja taarifa. Mwaka 2022 ofisi hizo nchi nzima zilipokea taarifa karibu milioni 4.3 zilizohusu watoto kama milioni 7.5. Karibu nusu ya taarifa hizo ziliishia hapohapo, hakuna aliyetumwa nyumbani. Kati ya watoto wapatao milioni 3 waliofuatiliwa, ni chini ya mmoja kwa watano aliyeonekana kweli kutendewa vibaya au kutotunzwa. Walioingia malezi ya muda kwa walezi wengine mwaka huo, kwa sababu zote, ni karibu 187,000. Kwa hiyo kati ya simu na kuchukuliwa mtoto kuna milango mingi, na familia nyingi zinatokea kwenye mlango wa kwanza au wa pili.

Lakini sitaki uondoke hapa ukidhani hofu ya majirani ni ujinga. Haitoki hewani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa Marekani hufuatiliwa na CPS angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa watoto Weusi ni zaidi ya nusu. Nyumba za watu maskini na za watu Weusi zinachunguzwa kuliko nyingine, na kati ya watoto wanaotoka kwenye malezi ya muda ni karibu nusu tu wanaorudi kwa wazazi wao. Mtoto kutolewa kwenu, hata kwa wiki mbili, ni jeraha. Nimekaa na wazazi siku hizo na siwezi kuliita jambo dogo. Ninachosema ni kwamba hatari hiyo haipungui kwa kumficha mtoto mwenye homa.

Ile familia ya mkanda siijui, na pengine hata majirani hawaijui vizuri. Sheria inawakataza CPS kutangaza habari za kesi, kwa hiyo mtaa unasikia upande mmoja tu, tena ule unaoweza kusemwa kanisani. Mtu hasimulii kwamba mtoto alikuwa na makovu ya zamani, au kwamba alipewa nafasi mara mbili. Labda hayo hayakuwepo. Labda familia ilionewa. Hatujui. Kuhusu kuchapa chenyewe: hakuna jimbo linalomkataza mzazi kabisa kumpiga mtoto kofi la kumwonya, lakini adhabu inayoacha alama, iwe mkanda, fimbo, au waya wa umeme, karibu kila mahali inahesabiwa kuwa ni kumdhuru. "Ndivyo tulivyolelewa" haikubaliki mahakamani. Ushauri wangu kwa kila mzazi anayeniuliza ni kuweka fimbo chini kabisa. Na neno jingine kwa mama wenye vichanga, kwa kuwa limesababisha simu zisizo za lazima: watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya rangi ya bluu mgongoni au makalioni. Ni ya ngozi tu na hufifia baada ya miaka michache, lakini mwalimu wa kituo cha watoto anaweza kudhani amepigwa. Mwombe daktari ayaandike kwenye faili la mtoto.

Sasa nikuambie jambo ambalo CPS watalitazama kuliko chai yenyewe. Ni zile saa kumi na nusu za usiku ambazo watoto wanabaki peke yao.

Kati ya watoto wanaoonekana kuwa na tatizo, karibu robo tatu ni kwa sababu ya kutotunzwa, si kupigwa. Na katika familia zetu, kutotunzwa huko mara nyingi maana yake ni mama yuko kazini. Kambini, binti wa miaka 11 kubaki na wadogo ni jambo la kawaida, na mlangoni kuna bibi, kuna shangazi, kuna majirani kumi. Huku amefungiwa kwenye nyumba ya ghorofa na jiko la umeme, hajui jina la mtu wa mlango wa pili, na zamu ni usiku kucha, kila siku. Majimbo mengi hayajaweka umri maalumu wa mtoto kubaki peke yake. Maryland, kwa mfano, inasema mtoto chini ya miaka 8 asiachwe bila mtu mwenye angalau miaka 13. Kwengineko ofisa anapima: umri, muda, usiku au mchana, watoto ni wangapi, je, mkubwa anajua kupiga 911, namba ya dharura, anampata mama kwa simu? Kwa kipimo chochote kati ya hivyo, miaka 11 na watoto watatu usiku mzima ni zaidi ya anachoweza. Nakuambia kwa upendo: hata kama CPS isingekuwepo, hili lilikuwa lazima libadilike.

Na libadilike kabla hujaulizwa. Ofisa akikuta mama ambaye usiku wa jana tayari alikuwa na mtu mzima nyumbani, anaandika habari tofauti kabisa. Mwambie msimamizi wako kilichotokea, uombe siku chache za kukaa na mtoto na zamu ya mchana. Usiku wa kwanza mpe funguo mtu mzima unayemwamini, hata kama ni kwa kumlipa. Kina mama wawili wa zamu tofauti wanaweza kuangaliziana watoto, nimeona ikifanya kazi vizuri kuliko mipango mingi ya ofisini. Kisha rudi kwenye shirika lililokupokea. Huduma nyingi za wakimbizi zinaendelea hadi miaka mitano tangu ufike, na wewe una mitatu. Waulize kuhusu ruzuku ya malezi ya watoto ya jimbo, na mwanao wa miaka 4 waulize kuhusu Head Start, shule ya awali ya bure kwa familia za kipato kidogo. Ukweli ni kwamba vituo vya usiku ni vichache mno, na ruzuku bila kituo cha kuitumia haikusaidii. Kwa hiyo suala la zamu ndilo la kupigania kwanza.

Lile ulilomwambia binti yako aseme, lifute leo. Ofisa anaweza kuzungumza na mtoto shuleni, na majimbo mengi yanaruhusu hilo bila mzazi kuambiwa kwanza. Kadi ya kuingilia kiwandani itaonyesha ulikuwa kazini. Uongo huo hautakulinda hata dakika moja, na utageuza ajali ya chai kuwa kesi ya mama anayefundisha watoto kudanganya. Mwambie: ukiulizwa, sema ulichokiona, usipojua, sema sijui.

Wakija mlangoni, waombe kitambulisho na kadi, uandike jina. Sheria ya serikali kuu inawataka wakuambie tangu mkutano wa kwanza unatuhumiwa nini, basi waulize, kupitia mkalimani. Kuingia ndani wanahitaji ruhusa yako au amri ya mahakama, isipokuwa kuna hatari ya papo hapo. Wapo wanasheria wanaoshauri usifungue kamwe. Mimi kwa kesi kama yako, ambapo nyumba ni safi na mtoto ametibiwa, nimeona kufungua mlango kwa utulivu kukimaliza mambo mapema. Lakini huo ni uamuzi wako, na kama kuna jambo linalokutia wasiwasi, una haki ya kusema kwa heshima: nitazungumza nikiwa na wakili. Wataangalia chakula, vitanda, dawa ziko wapi, king'ora cha moshi kinalia. Kuwa na godoro sakafuni si kosa. Umaskini si kosa, ingawa wapo maofisa wanaochanganya hivyo viwili.

Wanaweza kukuletea karatasi ya "mpango wa usalama". Usiisaini mpaka imesomwa yote kwa Kiswahili, na uulize: ni ya muda gani, na nikikataa inakuwaje? Wakati mwingine ni ahadi ndogo, kama vile kutomwacha mtoto bila mtu mzima. Wakati mwingine inampeleka mtoto kwa ndugu bila jaji kuhusika, na hiyo ni nzito. Kwa karatasi ya namna hiyo, au ukiitwa polisi, au mtoto akichukuliwa, usiendelee peke yako hata saa moja: tafuta ofisi ya msaada wa sheria. Mtoto akichukuliwa ni lazima jaji asikilize, kwa kawaida ndani ya siku chache tu. Majimbo mengi humpa mzazi asiye na uwezo wakili wa bure, na tangu mwaka 2008 CPS wanatakiwa kutafuta ndugu wa mtoto na kuwajulisha ndani ya siku 30. Wape majina na namba za ndugu siku ileile ya kwanza.

Hukuuliza kuhusu karatasi za uhamiaji, lakini najua unawaza. CPS si polisi wa uhamiaji, na kuchunguzwa kwenyewe hakufuti hadhi yako ya ukimbizi. Hatari iko kwenye mahakama ya jinai. Kukutwa na hatia ya kumdhuru au kumtelekeza mtoto kunaweza kumfukuzisha nchini mtu asiye raia, hata kama adhabu yenyewe ni ndogo. Ndiyo maana hupaswi kukubali kosa lolote mbele ya hakimu "ili yaishe" kabla hujauliza wakili litafanya nini kwenye hadhi yako. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2010, katika kesi ya Padilla, kwamba wakili wa utetezi anapaswa kumweleza mteja wake hatari hiyo. Muulize mwenyewe, asiposema.

Limebaki moja, na nimeliacha mwisho kwa sababu hukuligusa. Binti yako. Ameamka alfajiri kuwapikia wadogo zake chai, mdogo akaungua mbele ya macho yake, kisha akaambiwa aseme uongo la sivyo familia itatawanyika. Siku tatu amelala na hayo. Mkitoka hospitali, kabla hujampa kazi yoyote, kaa naye peke yake umwambie hakumuunguza mdogo wake, na kwamba kazi ile ilikuwa ya mtu mzima. Kama wiki mbili zijazo halali usingizi, hali chakula vizuri, au anashtuka akisikia sufuria, mwambie daktari wa mdogo wake siku mnaporudi kubadilisha bandeji.